Ugonjwa wa baba yangu hauna jina kwenye faili lake

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na radhi naomba mapema maana barua itakuwa ndefu, hili jambo la wazee wanaopoteza kumbukumbu nimekaa nalo zaidi ya miaka mitano na leo ndo nimepata usiku wa kuandika kwa sababu mzee kalala mapema.

Baba yangu alikuwa stesheni masta. Kaanza kazi reli enzi za Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki, 1977 ilipovunjika akabaki na shirika letu hapa nyumbani mpaka akastaafu, na stesheni aliyomalizia ni Korogwe. Mtu wa saa yule. Kwetu ukichelewa chakula dakika mbili anakwambia treni imeshaondoka, na kweli ulikuwa unalala njaa. Sasa mtu huyo huyo mwaka 2020 akaanza kuuliza saa, unamjibu, anauliza tena, unamjibu, anauliza tena, mara tano chai haijapoa. Sisi tukawa tunacheka. Nakiri kabisa tulicheka, mdogo wangu hadi alimwigiza mbele ya wageni na wageni wakacheka. Baadae akaanza kuficha hela halafu anasema kaibiwa, dada wa kazi wa kwanza akaondoka analia, wa pili hakumaliza mwezi. Halafu ikaja hii ya usiku, saa tisa anaamka, anavaa shati jeupe, anafungua kabati anatafuta taa na bendera ya kijani, anataka kwenda kupokea treni ya kutoka Moshi. Siku moja vijana wa bodaboda wakamkuta alfajiri kwenye reli, amesimama wima kabisa katikati ya njia, na bahati yetu mmoja wao anamjua ndo akampakia akamleta nyumbani. Angekuwa mama mzee asiyejulikana mtaa ule sijui leo ningekuwa naandika barua ya aina gani, nitalirudia hili.

Tukampeleka hospitali. Siitaji jina na wala sitaki ugomvi na mtu. Kwenye dirisha kuna tangazo kubwa la kumpisha mzee kwanza, na kweli tulipishwa, hilo nawapongeza, na kwa sera yetu ya wazee ya 2003 mzee asiye na uwezo anatibiwa bure. Daktari kijana tu, kachoka, nje foleni imefika getini, akapima presha, akauliza mzee ana miaka mingapi, akaandika kwenye faili kwa Kiingereza maneno mawili ambayo maana yake ni uzee tu basi. Dakika sita. Tukarudi na vidonge vya presha na dawa ya minyoo. Mpaka leo ukilifungua faili la baba utakuta presha ina jina, minyoo ina jina, ila kitu kilichomchukua baba yetu hakina jina.

Na hapo ndo hoja yangu ilipo Mhariri, mengine yote yanafuata. Ugonjwa usioandikwa kwenye faili hauhesabiwi wilayani, usiohesabiwa wilayani haufiki wizarani, na usiofika wizarani hauna bajeti wala dawa wala mtu aliyesomeshewa. Tutakaa tunasema nchi yetu haina tatizo hilo kumbe tatizo tumeliandika uzee.

Nilikuja kulijua jina kwa mpwa wangu anayesoma uuguzi, siku hiyo kaja likizo akamkalia babu yake nusu saa nzima, akanivuta jikoni akaniambia mjomba hii inaitwa dimensia. Akanieleza kwamba dimensia ni kama unaposema homa, ni hali yenye vyanzo vingi, na chanzo kikubwa kuliko vyote ni ugonjwa wa Alzheimer ambao unabeba kama asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa. Jina lenyewe ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza habari za mgonjwa wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1906. 1906! Tanga hapa Wajerumani walikuwa bado wanaijenga reli ya kwenda Moshi. Yaani ugonjwa una jina kabla reli haijafika Moshi, na baba aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye reli hiyo hiyo anaandikiwa uzee.

Kingine alichosema mpwa, na hiki naomba kila msomaji akishike, ni kwamba kabla hujasema dimensia mzee apimwe kwanza damu, maana kuna mambo yanafanana nayo kabisa na yanatibika. Tezi ya shingo ikilegea, vitamini B12 ikipungua, VVU, kaswende ya zamani, sonona, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, hata UTI ya kawaida mzee akiipata anaweza kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili mkadhani ndo basi. Kwa hiyo yule anayeandika uzee anaweza kuwa anamfukia mtu ambaye angepona kwa vidonge vya wiki moja. Baba yetu tulimpima vyote, hakuwa na hata kimoja, na skani ya kichwa tuliilipia wenyewe nje ya hospitali ile kwa kuuza mbao za banda. Angalau tulijua.

Sasa tuongee lugha, maana mi naona ishu imelala hapo. Kiswahili hakikosi maneno, tunayo hadi ya kugawa. Mzee karudi utotoni. Utoto wa uzeeni. Kachanganyikiwa. Anaweweseka. Akili zimechoka. Kachezewa. Sheikh wetu wa msikitini hutukumbusha ile dua ya kuomba kinga tusirudishwe kwenye umri dhalili, mtu asijue kitu baada ya kuwa alikuwa anajua, kwa hiyo sio kwamba wazee wetu wa zamani hawakuiona hii hali, waliiona vizuri sana tena wakaiogopa. Ila hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomfanya mtu aamke ampeleke mzee kliniki. Ukisema karudi utotoni unamnyamazisha, ukisema kachezewa unaita mganga. Sisi wenyewe mganga tulimwita msijidai hamfanyi, alikula laki na themanini na mbuzi, akasema mzee kafungwa na mtu aliyekuwa anamtamania cheo kazini. Shangazi mpaka leo anamnunia mzee mmoja mstaafu wa reli hapa mtaa wa pili ambaye hajui kosa lake.

Kuna nchi ishu ya jina waliichukulia kwa uzito. Japani neno lao la zamani la ugonjwa huu lilikuwa na maana ya ujinga na upumbavu ndani yake, mwaka 2004 serikali ikalifuta rasmi ikaweka neno jipya lisilotukana mtu, na baada ya hapo ndo wakaanza kufundisha raia wa kawaida, muuza duka, karani wa benki, dereva wa basi, darasa la kama saa moja na nusu hivi, unatoka na bangili ya rangi ya chungwa ukionekana nayo watu wanajua huyu anaelewa. Waliofundishwa wamevuka milioni kumi. 2012 wakatoa mpango wa kitaifa, 2023 wakatunga sheria kabisa. Na mimi kama mtoto wa reli kuna kesi yao moja huwa inanitoa jasho. Mwaka 2007 mji wa Obu mzee wa miaka 91 mwenye dimensia alitoka nyumbani mkewe aliposinzia kidogo, akaingia relini, treni ikamgonga akafa. Kampuni ya reli ikaishtaki familia ilipe hasara ya treni kuchelewa! Mahakama ya kwanza ikasema walipe, ya pili ikapunguza ila ikambebesha yule mama mjane, mpaka mwaka 2016 mahakama yao ya juu kabisa ndo ikasema familia haidaiwi kitu. Zaidi ya miaka minane tangu ajali mpaka hukumu ya mwisho, kwa sababu ya kusinzia. Mi nimesinzia mara ngapi jamani.

Turudi kwetu. Nilisema angekuwa mama mzee asiyejulikana. Nyote mmeshaziona zile klipu kwenye magrupu ya WhatsApp, bibi kakutwa alfajiri uani kwa watu, nguo hana, haelezi katoka wapi, na chini watu wameandika mchawi kadondoka kwenye ungo, mafuta ya safari yamemuishia, na vicheko. Kila nikiiona klipu ya hivyo nikasikiliza yule bibi anavyojibu, anataja jina la mama yake aliyekufa zamani, anasema anaenda kuteka maji, mi namsikia baba na treni yake ya Moshi. Kanda ya Ziwa wazee wangapi wameuawa kwa macho mekundu ambayo kila mtu anajua ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kenya, Kisii, Oktoba 2021 wanawake wanne watu wazima waliuawa na kuchomwa kijijini kwao kwa tuhuma hizo hizo za uchawi, na kule Kilifi kuna kituo Kaya Godoma wazee wanakimbilia kujificha wasiuawe na watoto wa kuwazaa. Sisemi kila mzee anayetuhumiwa ana dimensia, mengine ni mashamba tu na urithi. Ila mtu anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayesahau jina la mkwewe, mbele ya kijiji kisicholijua jina la ugonjwa huyo ana usalama gani?

Na msije mkasema ni mambo ya Wazungu hayo. Utafiti ulishafanyika hapa hapa, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, 2009 na 2010, walipitiwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na kiwango cha dimensia kikatoka asilimia 6.4. Chukua wazee kumi na sita hapo msikitini au kanisani, mmoja anao. Na sio kuhesabu tu, hapo Hai kikatengenezwa kipimo ambacho hakihitaji mtu awe anajua kusoma, kikajaribiwa na Nigeria pia. Unamuuliza mzee leo siku gani, mwenyekiti wa kijiji nani, ataje wanyama kwa dakika moja, akumbuke maneno kumi, apange njiti za kiberiti kama ulivyopanga wewe, na umwulize daraja ni nini. Mpwa alimfanyia babu yake. Siku hakujua, mwenyekiti alimtaja yule wa 1985, njiti alizirudisha kwenye kiberiti akakitia mfukoni. Alipoulizwa daraja ni nini akakaa sawasawa kwenye kiti akasema, daraja ni pale dereva anapotakiwa kupunguza mwendo. Mi nilitoka nje kidogo.

Hai hiyo hiyo wakajaribu na tiba isiyo na kidonge, vikao vya kikundi 14 ndani ya wiki saba, wazee wanakaa pamoja wanaongea, wanaimba, wanashika vitu vya zamani wanavitaja, na wakaonekana kupata nafuu ya akili na ya maisha. Vitu hivi vipo! Vimefanyika kwetu, kwa Kiswahili, kwa hela isiyotisha, halafu vimebaki kwenye makaratasi ya wasomi.

Sasa hii ndo naitaka serikali iisikie. Mei 2017 nchi zote za Shirika la Afya Duniani, na sisi tumo, zilikubaliana mpango wa dunia wa dimensia, kwamba ikifika 2025 robo tatu ya nchi ziwe na sera au mpango wa taifa. 2025 ikafika, lengo halikufikiwa hata kwa mbali, Mei mwaka huo wakakaa tena wakasogeza mbele mpaka 2031. Afrika waliotimiza ni wa kuhesabu kwa vidole. Sisi mpango wetu wenyewe wa dimensia hatuna. Tuna sera ya wazee, tuna sheria ya afya ya akili ya 2008, tuna sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopita 2023, kila moja ukiisoma inagusa pembeni. Mzee wa dimensia kwenye afya ya akili wanasema huyu ni wa wazee, kwenye wazee wanasema huyu apelekwe afya ya akili, na neno afya ya akili hapa kwetu lina maana moja tu, Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na nani atakubali baba yake asemwe wa Mirembe.

Mi si mtaalamu wa sera, nimeuza vipuri vya magari maisha yangu yote, ila naona pa kuanzia sio kujenga jengo. Pa kuanzia ni wizara na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wakae wiki moja watoe jina la Kiswahili, likubalike, libandikwe kila zahanati, na kwenye fomu za takwimu za hospitali kiwepo kisanduku chake. Halafu kuna wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kufundisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wanapita nyumba kwa nyumba kuulizia uzazi na malaria na kifua kikuu, huyo huyo mwongezeeni kiberiti kimoja mfukoni na yale maswali ya Hai. Wenzetu Kenya kule Makueni wameshajaribu kutumia wahudumu wa jamii kupunguza unyanyapaa wa dimensia vijijini, sio jambo la ajabu.

Na kuelimisha watu kusiwe ile ya Oktoba mosi, siku ya wazee, tunapewa fulana na kofia na maji ya chupa, mgeni rasmi anasema wazee ni hazina, tunapiga makofi tunaondoka. Septemba 21 ni siku ya Alzheimer duniani, hapa inapita kama siku ya kufua tu. Vijana waambiwe jambo ambalo halijawafikia kabisa, kwamba dimensia inaandaliwa ukiwa na miaka arobaini. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 walitaja vitu 14 na wakasema vikishughulikiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuukwepa ugonjwa au kuuchelewesha. Vitu vyenyewe mnavijua, presha, sukari, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kusikia kwa shida bila kupata kifaa, macho, upweke, moshi, kuumia kichwa. Kuumia kichwa wajameni! Kila bodaboda asubuhi hii kapakia abiria wawili na helmeti moja kaining'iniza kwenye kioo. Na kitu cha kwanza kabisa kwenye maisha ya mtu ni elimu ya utotoni, mtoto aliyesoma ubongo wake unakuwa na akiba. Kwa hiyo wizara ya elimu nayo imo, ya uchukuzi imo, tusiwaachie wa afya peke yao.

La mwisho ni dada yangu, na hapa naomba usinikatie Mhariri hata kama nafasi ni ndogo. Dada alikuwa na genge la mboga na samaki wa kukaanga, linalipa, lilisomesha watoto wawili. Kalifunga mwaka wa tatu huu. Ndiye anayemwogesha baba, ndiye anayepigwa kofi akimwogesha maana kuna siku baba anadhani ni mwizi, ndiye anayelala mlangoni kwa kuweka godoro ili mzee akitoka amkanyage aamke. Sisi wanaume tunatuma hela ya Mixx by Yas, ile Tigo Pesa ya zamani, na ya M-Pesa tunajiona tumemaliza. Sijawahi kuona fomu yoyote ya serikali yenye sehemu ya kumwandika mtu kama dada. Zanzibar tangu 2016 angalau kila aliyefika miaka 70 anapata pensheni ya jamii, huku bara hata hiyo hatuna, na hata ingekuwepo ni ya mzee, anayemlea yuko wapi? Dunia ina watu kama milioni 57 wenye dimensia kwa hesabu ya 2021, zaidi ya nusu wako nchi kama zetu, na nyuma ya kila mmoja kuna dada kama huyu na godoro mlangoni. Dada ana miaka 54, presha imeshaanza kumpanda, na kliniki hana muda wa kwenda.

Kwa wasomaji ninalo ombi moja. Hilo jina la Kiswahili tusisubiri wizara peke yake. Kwenu mnaiitaje hali hii, sio yale ya matusi, yale ambayo ungeweza kulitamka mbele ya mzee mwenyewe asijisikie vibaya? Sisi nyumbani tumeshindwa, tunasema tu mzee kaenda stesheni, na jirani wote sasa wanaelewa maana yake. Andikeni gazetini hapa tuyaone. Mi naishia hapa, nasikia kabati linafunguliwa.

Mtoto wa stesheni masta,
Tanga